Kicheko cha Kwanza Kilikuwa cha Nani?
Mwongozo wa kupima kumbukumbu za rafiki wa utotoni wa mchekeshaji

Ukipewa kitabu ambacho rafiki wa utotoni ameandika juu ya mchekeshaji maarufu, usianze na ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo huandikwa mwisho, mwandishi akishajua kitabu kitauzwa kwa jina la nani. Tafuta pale yule mtoto anapochekesha watu kwa mara ya kwanza, kisha usome kurasa mbili zinazotangulia na mbili zinazofuata. Wanunuzi wa samaki wanaokuja ziwani kwetu hufunua matamvua kabla hawajauliza bei. Kurasa hizo nne ndizo matamvua ya kitabu cha namna hii.

Unatafuta jambo moja: nani alicheka. Kitabu kibovu kitasema watu wote walicheka. Kitabu kizuri kitasema walicheka watoto watatu waliokuwa kwenye foleni ya posho; kwamba mama mmoja aliziba mdomo kwa upindo wa kitenge, kwa kuwa mume wake alifanya kazi chini ya kapita, yaani msimamizi, aliyekuwa akiigizwa; na kwamba mwandishi mwenyewe alicheka kwa kuchelewa, baada ya kuangalia kama kapita ameona. Rafiki wa utotoni hawezi kutuambia kipaji kilitoka wapi, wala sidhani kama yupo awezaye. Alichonacho yeye, na ambacho mchekeshaji mwenyewe hana, ni upande wa pili wa kichekesho. Mchekeshaji aliona nyuso tu. Rafiki alikuwa mwenye uso mmojawapo, anajua tumbo lilivyomshika na alichokiogopa wakati huohuo. Anapoiacha nafasi hiyo na kujifanya nabii aliyeona ukubwa wa mwenzake tangu darasa la kwanza, ameitupa mali pekee aliyokuwa nayo.

Ninaishi Mwadingusha, Katanga nchini Kongo, kwenye mto Lufira, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka Likasi, mahali penye wastaafu wengi na kila mmoja ana la kukumbuka. Kituo cha umeme kilianza kazi hapa mwaka 1930, kwenye maporomoko yaliyopewa jina la Cornet, ili viwanda vya shaba vya Union Minière vipate nguvu. Bwawa lake ndilo lililolizaa ziwa Tshangalele. Mitambo yake sita ilikarabatiwa na kurudishwa kazini mwaka 2021, megawati 78 kwa jumla, na bado ziko nyumba zisizo mbali na nyaya hizo zinazowasha kibatari. Lakini pamoja na kituo ilikuja kambi, na kambi ndiyo inayonihusu hapa, maana wachekeshaji wa Katanga na marafiki zao wamekulia humo au katika mitaa iliyofanana nayo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuacha desturi ya kuchukua vijana kwa miezi michache na kuwarudisha makwao. Ikawataka wafanyakazi waje na wake zao, wakae miaka, wazae watoto. Baba mmoja ametoka Lomami, jirani yake Kasai, wa tatu Ruanda, wa nne ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Kampuni iliwapa nyumba za kufanana, posho ya unga na samaki wakavu, zahanati na shule ya wamisionari. Iliwapa pia macho ya kuwachunga: kapita, karani, polisi wa kambi, na mzungu aliyejua nyumba ipi imelala na mgeni. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wote, kila mmoja akikisema kwa ulimi aliotoka nao kwao. Mtoto mwenye sikio jepesi hakuhitaji shule nyingine ya uigizaji. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshasikia Kiswahili cha katekista, cha mama muuza samaki, cha polisi anayemtisha mlevi, na cha bwana mkubwa ambaye hujua vitenzi vya kuamuru peke yake.

Kwa hiyo kipimo cha pili, baada ya nani alicheka, ni kama mwandishi anakumbuka nani aliigizwa. Jina si lazima, ila mwendo wake, cheo chake na alichoweza kumfanya mtoto wakati huo. Kumwigiza mwalimu darasani ni kichekesho cha kila nchi. Kumwigiza karani wa posho siku ya posho ni jambo lingine, maana mkono wake ukitikisika kidogo kibaba cha unga hupungua, na mama wa mwigizaji ndiye atakayeulizwa na watoto wenye njaa. Rafiki mzuri hutueleza bei ya mzaha kabla ya kutuletea mzaha wenyewe. Ninasisitiza neno "kabla". Kichekesho kinachoelezwa baada ya kusimuliwa kimekufa, nacho hufia katika kitabu kile kile kilichokusudia kukihifadhi. Mwandishi anayejua kazi yake huipanga foleni kwanza, akamweka karani mahali pake, akatuonyesha mizani, ndipo akamwacha mtoto afumbue kinywa.

Tena, kambi ilikuwa na desturi zake za kuchekeshana kabla ya huyo mtoto kuzaliwa. Utani wa koo na wa makabila uliwafuata watu mpaka mjini. Ng'ambo ya mpaka, Luanshya, J. Clyde Mitchell aliichunguza ngoma ya kalela na kuiandikia kijitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa waliovaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vya kung'aa. Mmoja wao aliitwa daktari, na msichana aliyevaa nguo nyeupe kama nesi aliwapitishia kioo na leso wajitazame na kujifuta jasho, huku nyimbo zao zikiwatania watu wa makabila mengine ya mjini. Huku kwetu, miaka ya 1950, vijana wa mtaa wa Kenya, Élisabethville (Lubumbashi ya leo), walikuwa na kundi lao la JECOKE, kifupi cha jina la Kifaransa lenye maana ya vijana wachekeshaji wa Kenya. Nyimbo, dansi na vichekesho vilikwenda pamoja, na humo ndimo alimopita Edouard Masengo kabla sauti na gitaa lake havijavuma mpaka Nairobi. Ukikuta kitabu kinachosema rafiki yake "alibuni" uchekeshaji uwanjani kwao, muulize mwandishi: ngoma za Jumapili zilikuwa zimelala? Mtoto huiba kwanza. Kumbukumbu yenye thamani hutaja alimwibia nani, hata kama mwibiwa ni mjomba mlevi asiyejulikana na yeyote.

Kazi ya mazoezi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo vitabu vingi huanguka.

Mufwankolo ni jina la jukwaani ambalo mtu wa Lubumbashi wa umri wangu hahitaji kuelezwa. Kundi lake liliigiza redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha mji, juu ya ndoa, wizi, madeni, wageni wasioondoka na wakubwa wasioshiba. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alikuwa amerudi mjini. Alipokuwa akila kuku na marafiki akapata firigisi, akaambiwa usemi kwamba madaraka huliwa mazima. Aliwauliza waigizaji maana yake. Hawakumjibu kwa maneno tu: wakaugeuza usemi kuwa mchezo, wakaufanyia mazoezi kwa siku kadhaa, na mwishoni ukapigwa filamu ya televisheni katika kijiji nje ya mji. Kitabu cha Fabian kilitoka mwaka 1990, na ndani yake yamo maneno ya mazoezi, Kiswahili kama kilivyosemwa.

Kinachonipendeza humo kuliko yote ni kwamba mchezo haukuwa na maandiko. Walikubaliana nani aingie, ana shida gani, atoke lini. Maneno yalizaliwa pale pale. Na bado walifanya kazi kubwa: kubishana juu ya maana ya usemi wenyewe, kurudia tukio, kupunguza maneno ya mmoja ili mwingine apate pumzi. Msikilizaji wa nyumbani alidhani watu hawa wanaongea tu, kama majirani kibarazani. Kumfanya adhani hivyo ndiko kulikowatoa jasho.

Sasa rudi kwenye kitabu cha rafiki wa utotoni. Je, ameona mazoezi? Mtoto mchekeshaji hurudia. Kichekesho cha asubuhi kisimani hukibeba mpaka mchana uwanjani, akabadilisha mwisho, akaongeza kikohozi, akaondoa neno moja. Jioni akakijaribu kwa shangazi. Watu wengine walikisikia mara moja na kukiita kipaji. Rafiki alikisikia mara ya tatu, akachoka, akajua mahali pa kikohozi kabla hakijafika. Uchovu huo ni dhahabu. Kama mwandishi hana hata mahali pamoja anaposema "nilikuwa nimeshachoka na mzaha huo," ama hakuwa rafiki wa karibu, ama ameamua kutuficha. Mwenye uchovu ndiye anayeweza kutuonyesha mkono wa fundi: nini kiliongezwa, nini kilitupwa, na siku gani kichekesho kilifika mahali ambapo hata yeye aliyekichoka alicheka tena bila kutaka.

Jirani na kichekesho hicho ni kile kilichoshindwa. Ninadai angalau kimoja kwa kila kitabu. Kisiwe kile cha kushindwa kwa ajili ya mafunzo, ambapo mtoto anazomewa leo na kesho anashinda. Hicho ni hekaya ya kanisani. Ninataka kile kilichoshindwa kikabaki kimeshindwa: aliigiza kikohozi cha mzee wa nyumba ya tatu, ikawa yule mzee amekufa asubuhi ile na habari haijafika uwanjani. Hakuna aliyesema kitu. Wakaendelea na mpira. Mwandishi anayeweza kutuacha hapo, bila kutuliwaza, anastahili kusomwa mpaka mwisho.

Na yuko wapi yule aliyekuwa anachekesha zaidi? Kila mtaa ulikuwa naye. Ukimuuliza mzee yeyote wa kambi juu ya mtu aliyevuma, kabla ya dakika tano atakuambia, "Lakini kaka yake ndiye aliyekuwa hatari." Yule kaka, ambaye wadogo walimwita yaya, aliingia kazini kiwandani Shituru, akaoa, akawa anachekesha misibani na kwenye magari ya mshahara, basi. Kitabu kinachomtaja yaya huyo na kumpa kurasa zake kimejua kitu ambacho waandishi wa magazeti hawawezi kukijua: kuchekesha na kuwa mchekeshaji ni safari mbili tofauti, na ya pili haikuhitaji kipaji kikubwa kuliko ya kwanza. Ilihitaji ukaidi, redio, labda baba aliyekubali mtoto asiingie kiwandani. Rafiki akimwacha yaya nje ya kitabu kwa sababu anapunguza mng'ao wa shujaa, punguza alama nyingi.

Visa vinavyoeleza kila kitu

Kuna kisa kimoja utakikuta karibu katika kila kitabu cha aina hii, hata kilichoandikwa na mchekeshaji mwenyewe: tukio moja la utotoni linaloeleza kila kitu kilichofuata. Charlie Chaplin alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1964, na humo anasimulia kondoo aliyetoroka alipokuwa akipelekwa machinjioni katika mtaa wao wa London. Watu wakamkimbiza, wakaanguka, wakagongana, naye mtoto akacheka. Kondoo alipokamatwa na kurudishwa, mtoto akamkimbilia mama yake akilia kwamba watamuua. Chaplin anajiuliza kama mchanganyiko ule wa kicheko na huzuni ndio uliokuja kuzaa filamu zake. Tazama: anajiuliza. Naye ni mwenye utoto huo, ana haki ya kubahatisha. Rafiki hana haki hiyo. Rafiki anayeandika kwamba "siku ile mchekeshaji alizaliwa" amevaa koti la mwenzake, na linampwaya.

Bora asimulie kondoo, halafu aseme walichokula jioni.

Jinsi ya kupima "nilikuwepo"

Rafiki wa utotoni hawezi kuwapo kila mahali. Alikuwa na mama yake mwenyewe, surua yake, likizo zake kijijini. Kitabu kinachosema "tulikuwa pamoja siku zote" kisha kinasimulia mazungumzo ya usiku chumbani kwa wazazi wa mchekeshaji kimejihukumu. Mwandishi mwaminifu husema: hili niliambiwa na dada yake, hili nililisikia dirishani, hili wanalisimulia wote mtaani nami sijui lilianzia wapi.

Matukio yaliyokuja kuwa makubwa ndiyo ya kushikwa kwa tahadhari zaidi. Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa lile likafika duniani kote. Tukio kama hilo huvuta mashahidi. Kila aliyekuwa kijana mjini mwaka ule anaweza kukuambia kwamba alisimama pale, na baada ya miaka hamsini huenda anaamini. Simwiti mwongo. Namwomba tu aniambie alisimama upande gani, na kwa nini hakuwa kazini saa ile.

Tarehe husaidia, lakini zitumie kwa akili. Mji huo uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ndipo ukawa Likasi. Faranga ilitumika mpaka ilipokuja zaire mwaka 1967, mwaka ule ule serikali ilipoichukua Union Minière. Jina la Gécamines ni la baadaye. Katanga iliitwa Shaba tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997. Mtoto anayepewa zaire mkononi mwaka 1958 ametoka katika kalamu ya mtu mvivu. Hata hivyo, mzee anayesema "Likasi" akimaanisha Jadotville hajadanganya. Anaongea kama tunavyoongea sote. Kosa la jina nalisamehe haraka. Nisichosamehe ni usahihi wa kuazima. Mwezi wa tisa mwaka 1961 askari wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga, wakapigana siku kadhaa mpaka risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha. Rafiki aliyekuwa na miaka kumi wakati huo akiniandikia idadi ya askari, majina ya makamanda na mjadala wa New York, najua ameketi na kitabu cha mtu mwingine. Akiniandikia kwamba walifungiwa ndani, kwamba ndege moja ilikuwa ikipita na kurudi, na kwamba mwenzake aliigiza mlio wa ndege ile chini ya kitanda mpaka mama mtu akampiga kofi kwa hofu, namwamini bila kuuliza cheti cha ubatizo. Mtoto hukumbuka vita kwa kipimo cha chumba alichofungiwa.

Lafudhi za majirani

Sehemu hii haipendwi na waandishi, nayo ndiyo inayotenganisha vitabu vya heshima na vya kuuza.

Sehemu kubwa ya uchekeshaji wetu ni kuigiza jinsi watu wa kabila lingine wanavyosema. Nchi nzima ya Kenya ilimjua mchekeshaji Mzee Ojwang kama mzee wa Kijaluo, kwa matamshi na kwa kiburi chake kitamu. Mwenye jina hilo, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Alilipata wapi sikio lake lile, kwa jirani gani, kwenye kiwanda kipi, kwa rafiki gani wa shule? Mwandishi wa habari ataishia kusema alikuwa hodari. Rafiki wa utotoni ndiye angetupeleka kwenye mlango wa nyumba husika.

Kwetu mlango huo una uzito zaidi. Katika kambi za Likasi watoto waliwaigiza Wakasai, Wakasai wakawaigiza Wasanga na Waluba wa Katanga, na jioni wote wakanywa maji ya bomba moja. Kisha ukaja mwaka 1992, siasa ikawageuza majirani kuwa wageni, na watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa humu humu kambini, wakafukuzwa. Maelfu walikaa kwenye stesheni ya Likasi na kuizunguka, majuma na miezi, wakingojea treni. Wengine walifia hapo na barabarani. Sasa soma tena ule ukurasa wa kuchekesha ambapo mtoto anaiga lafudhi ya baba wa jirani. Mwandishi anajua kilichofuata. Afanyeje?

Simtaki aombe radhi kwa niaba ya mtoto wa miaka minane. Radhi hiyo haina gharama. Simtaki pia aufute mzaha, kwa maana ulikuwapo, na mwenye lafudhi huenda alicheka kuliko wote. Ninataka aniambie alicheka vipi: kwa mdomo, au kwa tumbo? Mtoto wake alicheka? Je, mzaha ule ulirudishwa, Mkasai naye akamwiga Mkatanga, au ulikwenda upande mmoja tu? Utani una sheria: unayemtania lazima aweze kukutania. Rafiki aliyekuwa kwenye duara anajua kama sheria ilishikwa. Na iwapo mtoto wa nyumba ile alikuwa mmoja wa wale wa stesheni, mwandishi aseme, sentensi moja inatosha, kisha arudi uwanjani. Kitabu kinachoruka kutoka lafudhi za 1960 hadi umaarufu wa 1985 hadi tuzo, bila kugusa 1992, kimeandikwa kwa ajili ya wageni.

Kiswahili cha kichekesho

Kumbukumbu nyingi za huku huandikwa kwa Kifaransa safi, cha kupigwa pasi. Sina ugomvi na Kifaransa. Lakini mtu aliyecheka kwa Kiswahili cha kambi, kilichochanganyika Kiluba, Kibemba na vipande vya amri za Kibelgiji, akisimulia kicheko hicho kwa sarufi ya mkuu wa shule, amemvalisha mtoto tai. Kipimo changu cha sauti ni maandishi ya Élisabethville ya mwaka 1965, historia ya mji iliyoandikwa na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Imepigwa taipu kwa Kiswahili cha mjini, haijali tahajia ya mtu yeyote, inarudia pale msimulizi wa mdomo angerudia, na inaiona serikali nzima ya kikoloni kutoka jikoni na mlangoni. Hakuna mhariri aliyeinyoosha kabla haijafika mikononi mwa watu. Sidai kila rafiki aandike hivyo. Nadai kwamba pale ambapo mtoto anafungua kinywa, mhariri afunge chake.

Mwenye kumbukumbu

Hadi hapa nimesema juu ya mchekeshaji. Lakini kitabu cha rafiki kina watu wawili, na wa pili ndiye anayeshika kalamu. Angalia anavyojiweka. Kuna anayejiweka kila picha, mkono begani mwa shujaa: yeye ndiye aliyempa kofia ya kwanza, yeye ndiye aliyemfundisha gitaa, yeye ndiye aliyemsukuma redioni. Huyo anadai deni, na msomaji amegeuzwa mdhamini. Kuna mwingine anayejifuta kabisa, hadi unashangaa ni nani aliyekuwa akiona yote hayo. Wote wawili wananichosha, ingawa wa kwanza walau huchekesha bila kujua.

Ninayemtafuta ana wivu na hauonei haya. Mliketi dawati moja, mliibiana miwa, mwenzako akaenda Lubumbashi na sauti yake ikaanza kutoka ndani ya redio ya jirani ambaye zamani aliwafukuza wote wawili uwanjani kwake. Asiyehisi kitu hapo hakuwa rafiki. Mwandishi mwenye ujasiri atakuambia kwamba siku ya kwanza kumsikia redioni alikitambua kichekesho: kilikuwa chao wawili, au cha yaya, au cha marehemu mjomba, na kwamba alikuwa peke yake kati ya wasikilizaji aliyejua kimeibwa wapi. Alicheka? Alizima redio? Alimwandikia? Jibu lolote ni zuri likiwa kweli. Kama kuna nauli aliyoomba akanyimwa, au akapewa kwa namna iliyouma zaidi ya kunyimwa, nalo liingie, bila hukumu.

Kisha kitabu kisimame. Kosa la mwisho, na la kawaida kuliko yote, ni rafiki kuendelea na miaka ambayo hakuwapo: safari za Ulaya, ndoa ya pili, ugonjwa, mazishi ya kitaifa. Hizo ni kazi za wengine, nao wana picha nzuri zaidi. Miaka ya mwanzo inaisha siku mwenzako anapopanda gari na wewe unabaki. Ukiona kurasa sitini baada ya gari hilo, zisome haraka, au ziache.

Kipimo cha mwisho hufanywa na watu wawili. Mtafute mtu aliyekulia kambi ile ile, miaka ile ile, ambaye hakuwa na urafiki na mchekeshaji. Huku Mwadingusha hakosekani. Mkaribishe, mpe kiti, umsomee kwa sauti zile kurasa nne nilizokutajia mwanzoni. Akikukatiza na kusema, "Aa, hapana, foleni ya posho haikuwa hapo, ilikuwa upande wa zahanati, na huyo karani hakuwa mrefu," nunua kitabu, na uandike pingamizi lake pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi. Akikusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akakuambia ni kitabu kizuri sana, kirudishe dukani.